Mrejesho: MySQL iliyokuwa inazima kila jioni kwenye seva ya wingu

Wakuu, niliuliza kwa nini mfumo wa mauzo wa duka, PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata) kwenye seva ya wingu yenye RAM ya GB 1, unakata kila jioni makeshia wakifunga hesabu. Asanteni sana, tatizo limeisha.

Mlionielekeza kwenye RAM mlikuwa sahihi. Amri ya dmesg -T | grep -i oom ilionyesha Linux yenyewe inaiua mysqld (programu ya MySQL) RAM ikiisha. Chanzo ni Apache, programu inayotoa kurasa za mfumo: MaxRequestWorkers, kikomo cha michakato yake kwa wakati mmoja, ilikuwa 150, na kila mchakato wa PHP unakula kama MB 40. Piga hesabu, hata michakato 20 tu inamaliza karibu RAM yote. Nimeishusha hadi 10, nikaongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 2: fallocate -l 2G /swapfile, chmod 600, mkswap, swapon. Msisahau mstari wake kwenye /etc/fstab, la sivyo seva ikiwashwa upya swapu haipo.

Yule aliyeuliza kuhusu poti 3306 (mlango wa mtandao wa MySQL): kweli ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Nimeifunga, sasa naingia kwa SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali) tu.

Bekapu ni amri ya kunakili hifadhidata, mysqldump --single-transaction, saa 8 usiku, ili jedwali za InnoDB (aina ya jedwali za MySQL) zisifungwe wakati wa kunakili, kisha faili linakwenda kwenye hifadhi nje ya seva. Nimelirudisha kwenye seva ya majaribio, likakubali.

Jambo moja la bili ya wingu: kuzima seva hakusimamishi malipo ya diski.