Fundi Yule Mnayemjua Ameniambia Nikaendeshe Bajaji

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, fundi huyu hana haja ya kutajwa, kwa kuwa kila mwenye Altezza au Subaru yenye ekzosi ya makelele katika miji hii miwili amewahi kumlipa, kumsubiri na kumlaani. Leo mchana, mbele ya wateja, vijana wake wa gereji na mama muuza chai, amenirushia funguo na kusema: "Kama gia zinakushinda, kaendeshe bajaji." Bajaji! Mimi, niliyemkabidhi giaboksi ya gia sita pamoja na mishahara yangu yote tangu enzi za mkoloni!

Kilichomuudhi ni swali moja tu. Nikibadilisha gia taratibu, ya tatu inaingia bila ubishi, lakini nikiivuta injini hadi mizunguko 7,000 kwa dakika, inatoa mlio wa kusagika unaosikika mpaka Namanga. Anajua vizuri kwamba meno ya gia za kwenda mbele hushikana muda wote, na kwamba kinachosogea ni kola inayosukumwa na uma ili kuifunga gia moja kwenye shafti. Anajua pia kwamba kabla kola haijafunga, ringi ya sinkro husugua koni ya gia mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, na ringi ikilika, meno hugongana. Kanifungia klachi nzito ya mashindano, ringi hakuzigusa, kisha lawama zote akaupa mguu wangu. Halafu bajaji! Mama wa chai alicheka mpaka akamwaga sukari, na mtoto wa shule aliyekuwa akipita akalirudia neno hilo hadi alipokata kona.

Mkazi wa Njiro: Pole sana, mkuu. Hata hivyo, bajaji nayo ina gia nne za mbele na klachi ya mkononi, kwa hiyo fundi hakukutukana. Amekurudisha darasa la kwanza.

Dereva wa Himo: Kabla ya kuzilaumu ringi, hakikisha klachi inaachia kabisa. Diski ya klachi ikiendelea kuburuzwa na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, wakati pedali iko chini, injini huendelea kuizungusha shafti ya kuingilia kwenye giaboksi, na hakuna sinkro itakayoishinda injini. Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, kanyaga pedali, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi. Ikilia, tatizo ni klachi.

Mleta uzi: Nimejaribu, na rivasi imeingia kimya. Lakini hoja yangu si rivasi, ndugu. Hoja yangu ni bajaji.

Binti wa Majengo: Kaka, wewe una nafuu. Mimi nilibadilishiwa uwiano wa difu, zile gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, kutoka 3.9 hadi 4.5 nikiahidiwa kwamba gari litapaa. Ni kweli linachomoka, lakini gia ya kwanza inaisha kabla sijamaliza kuvuka njia panda, na nikitoka Moshi kwenda Arusha injini inapiga kelele njia nzima, kwa sababu kwa mwendo uleule sasa inazunguka takribani asilimia 15 zaidi.

Mkazi wa Njiro: Kelele hizo ni ndogo, dada. Shemeji yangu amefunga gia za meno yaliyonyooka, zile za mashindano, ambazo hazisukumi shafti kwenda pembeni zinapobeba nguvu, ila zinalia kiasi kwamba mkewe siku hizi anakwenda kazini kwa daladala.

Dereva wa Himo: Dada wa Majengo, ile difu ya 3.9 bado unayo? Ninaihitaji wiki hii.

Binti wa Majengo: Ipo. Ninauza krauni na pinioni yake, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, pamoja, kwa kuwa hizo ni jozi na hazitenganishwi. Niandikie faragha, na tafadhali usije na bei za mtaa wa Unga Limited.