Kaunti ya Nairobi, makaburi ni kazi yenu kikatiba! Pinto na Murumbi waliwakosea nini?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na nimekuja kuitema hapa. Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa takataka za Nairobi, ingawa najua wahusika ni walewale.

Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Pale kwenye huduma za afya za kaunti imeandikwa peupe: makaburi, nyumba za kuhifadhi maiti na mahali pa kuchomea maiti. Kazi ya kaunti. Sasa niambieni, Mkenya wa kawaida aende wapi jijini aambiwe nani amezikwa makaburi gani, safu ipi, kaburi namba ngapi? Siongelei shangazi aliyezikwa mwaka jana. Naongelea watu ambao watoto wetu wanafundishwa majina yao darasani.

Nianze na City Park. Nyinyi mnaoshuka matatu pale Aga Khan mkakata kupitia bustanini, mnawajua kima wa pale kuliko mnavyowajua waliolala pale. Pio Gama Pinto yuko pale. Mzaliwa wa Nairobi, 1927, wazazi Wagoa, yaani watu wa Goa, India. Alikuwa mwandishi wa habari, na kalamu yake haikumtosha. Alikuwa akiwatafutia wapiganaji wa Mau Mau fedha na silaha, na waliokamatwa akiwatafutia mawakili. Waingereza wakamkamata 1954, wakamtupa kizuizini kisiwani Manda, kisha wakamfungia Kabarnet hadi 1959. Alipotoka hakupumzika. Akaingia kwenye magazeti ya chama, akapigania wengine waliokuwa bado ndani, na Julai 1964 akawa mbunge.

Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, akapigwa risasi ndani ya gari lake akitoka nyumbani kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa humohumo garini. Alikuwa na miaka 37. Uhuru wenyewe ulikuwa haujamaliza miezi kumi na tano. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo zaidi ya miaka 35, akatoka 2001 akisema vilevile alivyosema siku ya kwanza, kwamba si yeye. Aliyetuma bunduki hatujaambiwa mpaka leo. Kesi nzima ya uhuru huu imelala pale City Park, na sisi tunapita na mifuko ya ndizi za kuwatupia kima.

Karibu naye yuko Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii. Baba Mgoa, mama Mmaasai. Alishika cheo hicho miezi michache tu ya 1966 akajiuzulu, na wengi waliomjua wanasema kifo cha rafiki yake Pinto kilimvunja moyo kabisa. Huyu ndiye mzee aliyekusanya vitabu adimu kwa maelfu, vikiwemo vya kabla ya 1900, na leo viko pale Makavazi ya Kitaifa pamoja na vinyago, vito na nguo alizozinunua Afrika nzima. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali akijua itakuwa kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Ikabomolewa. Alipofariki Juni 1990 akazikwa City Park kwa sababu alitaka awe karibu na Pinto. Mtu alikuwa na shamba kubwa Trans Mara, angeweza kuzikwa huko kwa heshima zote za kimila, akachagua bustani ya umma katikati ya jiji.

Na mnajua alichofanyiwa? Wanyakuzi wa ardhi wakaimega bustani mpaka karibu na kaburi lake. Kaburi la Makamu wa Rais! Waliookoa pale ni marafiki zake na wapenda bustani, watu binafsi, waliochangishana na kupiga kelele mpaka pakatengenezwa bustani ya ukumbusho yenye sanamu za mawe, yeye na mkewe Sheila wakiwa pamoja. Baraza la jiji la wakati huo ndilo lililokuwa na dhamana ya ardhi ile. Dhamana hiyo sasa ni ya kaunti, na bado ukitaka kupaelewa pale lazima umpate mtu wa kujitolea akuelezee.

Sasa niwaeleze kilichonipandisha presha wiki hii. Nasaidia chama cha historia cha wanafunzi wa sekondari, na tulitaka kuwapeleka makaburini na karatasi mkononi: nani, lini, wapi. Nikaenda ofisi moja, siitaji, kuomba kuona daftari la maziko la miaka ya 1960. Karani hakuinua macho kwenye simu.

"Una uhusiano gani na marehemu?"

"Marehemu yupi? Nataka kuona daftari."

"Leta cheti cha kifo, kitambulisho cha jamaa wa karibu, na risiti ya kaburi."

Risiti ya kaburi. Ya 1965. Nikamwuliza kama daftari lenyewe lipo. Akaniambia yapo, ila yako stoo, na mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Nikauliza anarudi lini. Akaniuliza mimi ni mtu wa gazeti? Mwisho akanielekeza ofisi nyingine, na ile nyingine ikanirudisha kwake. Nyuma yangu kulikuwa na mama aliyefiwa, anauliza tofauti ya kaburi la muda na la kudumu, na bei zake akatajiwa papo hapo bila kufungua stoo yoyote. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukija na pesa makaburi yana mwenyewe, ukija na swali hayana.

Linganisheni na yanayotunzwa, maana katika jiji hilihili yapo. Nendeni Ngong Road kwenye makaburi ya Vita vya Pili. Nyasi zimekatwa kama kapeti, mawe yamesimama mstari mmoja, kila moja lina jina, cheo, kikosi na tarehe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inalipia, na ina daftari ambalo hata ukiwa Kakamega unalisoma kwenye simu. Makaburi ya kale ya Nairobi South nako kuna wanajeshi wa Vita vya Kwanza, orodha yao ni hiyohiyo ya tume. Na pale South amezikwa pia Charles Ryall, yule ofisa wa polisi wa reli aliyevutwa na simba kutoka kwenye behewa pale kituo cha reli cha Kima mwaka 1900. Alikuwa zamu ya kumvizia simba huyo, usingizi ukamchukua. Simkejeli marehemu, lakini aliyelala akiwinda simba ana watu wengi wanaojua kaburi lake lilipo kuliko Pinto aliyeuawa kwa ajili ya mashamba yetu.

Kanisa Katoliki nalo linatunza wake. Kadinali Otunga alipofariki 2003 alizikwa makaburi ya St Austin's, na 2005 wakamhamishia Resurrection Garden kule Karen, mahali pa kusali, pamejengwa vizuri. Mzee Kenyatta ana kaburi lake viwanja vya Bunge, askari mlangoni, na kwa miaka mingi aliwekewa maua kila tarehe 22 Agosti. Kwa hiyo kutunza kaburi tunaweza. Lakini uwe na London nyuma yako, au Askofu, au uwe baba wa rais. Ukiwa chini ya kaunti peke yake, imekula kwako.

Msiniambie pesa hakuna. Lang'ata, makaburi makubwa ya umma ya jiji, tumeambiwa imejaa tangu miaka ya 1990. Basi baraza la jiji, 2008 na 2009, likanunua ardhi ya makaburi Mavoko kwa shilingi milioni 283. Ardhi yenyewe ilithaminiwa milioni 24. Na haikufaa kuzikia, ni mwamba mtupu! Watu walishtakiwa, baadhi wakahukumiwa, na Lang'ata bado tunazika juu ya waliozikwa. Hebu fikirieni sehemu ndogo tu ya hizo milioni ingefanya nini: vibao, ramani, makarani wawili wa kunakili daftari kwenye kompyuta. Zilipotea kwenye mawe.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema. Nairobi karibu hakuna anayezikwa kwa hiari. Sisi wote tuna ushago, kijijini kwetu. Tukifa tunachangishwa kwenye WhatsApp, basi linakodiwa, jeneza linafungwa juu, safari. Waziri Tom Mboya aliuawa Nairobi 1969, katikati ya jiji, lakini amelala kwao kisiwani Rusinga, na kule ana kaburi la kuonwa na wageni kwa sababu watu wake wako pale. Waliobaki Nairobi ni wale wasio na pa kupelekwa: walowezi, Wagoa, Wahindi, wafanyakazi wa reli, maskini wa Lang'ata, na wachache kama Murumbi waliochagua wenyewe. Hawa hawana wadi. Hawana MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Hakuna mwanasiasa atakayepata kura hata moja kwa kufyeka nyasi za Pinto, ndiyo maana nyasi za Pinto anafyeka anayejisikia.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, nisimtwike kaunti, huyo ni mzigo wa serikali kuu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa humohumo gerezani bila alama. Mwaka 2019 ikatangazwa kaburi limepatikana, nchi ikashangilia siku moja, serikali ikakana. Mama Mukami akafariki Mei 2023 akiwa hajamzika mumewe. Namtaja kwa sababu nataka mwone tabia ni moja. Mkoloni alificha kaburi kwa makusudi. Sisi tunayaacha yajifiche yenyewe.

Na pale Kenyatta Avenue tuna ile Sanamu ya Askari yenye watu watatu, ya baada ya Vita vya Kwanza, yenye maneno ya kuwaahidi kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, majina hayakuandikwa. Kila nikipita pale nashikwa na aibu, na mimi hata sikuwepo.

Madai yangu ni madogo. Daftari za maziko za makaburi yote ya umma Nairobi zinakiliwe na ziwekwe mahali mtu anaweza kuzisoma bila kuulizwa undugu. Mipaka ya makaburi ya City Park ipimwe, na hati ionekane hadharani, kabla hatujaamka tukute jengo la ghorofa limeota kati ya Pinto na Murumbi. Na kuwe na kibao kinachoeleza ni nani hawa, kwa Kiswahili pia, tafadhali, si Kiingereza cha watalii tu. Mwenye mtu kwenye bunge la kaunti amfikishie. Barua yangu wamepokea, mhuri wamepiga, kimya.

NYONGEZA: Naona mumeshanijibu, nijibu machache.

Aliyesema walio hai hawana maji ndipo nihangaikie wafu: ndugu yangu, maji hukupewa pia kabla sijaandika huu uzi. Kibao cha City Park hakikukausha mfereji wako.

Aliyeuliza kwa nini familia zao zisitunze: kaburi la babu yako familia itunze, sawa. Pinto familia yake ilibaki na mjane na watoto wadogo baada ya ile asubuhi, wakaondoka nchini. Ulitaka warudi na fyekeo?

Wewe uliyejitolea kutafuta orodha ya mzee wako aliyefanya kazi reli, njoo inbox. Kama kuna majina ya Nairobi South mle, hata kumi, tutaanza na hayo.

Na kwa yule aliyeandika kwamba "hao si Wakenya halisi, ni Wahindi", nimesoma mara mbili nihakikishe. Pinto alizaliwa Nairobi, akafungwa kwa ajili ya Kenya, akauawa Nairobi, akazikwa Nairobi. Wewe uliyezaliwa Pumwani juzi na utakayezikwa Siaya au Kisii au Murang'a, hebu tuambie kati yenu nani wa Nairobi.