Nikague nini katika ujenzi wa bwawa la kuogelea kabla kazi haijafunikwa na vigae?

Mwenyeji wa Kigamboni

Ndugu zangu, salaam. Ninajenga nyumba ya familia huku Kigamboni, kiasi cha mita 150 kutoka ufukweni, na katika ramani tumeacha nafasi ya bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.2 upande mmoja na mita 1.8 upande wa pili. Bwawa hili lina sababu yake. Mama yangu anasumbuliwa na magoti, na daktari wake amemshauri atembee ndani ya maji kila siku, kwa hiyo tumeomba ngazi pana zenye vidato vifupi na bomba la kushikia, jambo ambalo mabwawa mengi tuliyoyatazama hayana.

Nimepokea makadirio ya mafundi wawili. Wa kwanza ni nafuu kwa karibu theluthi moja na anaahidi kumaliza ndani ya wiki sita. Wa pili anataka kwanza apewe wiki mbili za kupima maji ya ardhini kabla hajachimba, na zege likishakomaa anataka alijaze bwawa maji na kuliacha wiki nzima kabla ya kubandika kigae hata kimoja. Nyumbani wanaona kwamba huyu wa pili anatafuta namna ya kuongeza siku za malipo. Mimi sina elimu ya ujenzi, lakini nyumba niliyowahi kupanga zamani ilikuwa na bwawa zuri mno kwa macho, vigae vyake vimenyooka kama mistari ya daftari, nalo lilipoteza maji kila siku hadi mwenye nyumba akalifukia kwa kifusi. Uzuri ule wote ulikuwa wa juu tu.

Naomba kujua ni mambo gani niyatazame kwa macho yangu mwenyewe katika hatua ambazo baadaye zitafunikwa, na kama muda anaoudai fundi wa pili una msingi.

Fundi wa mabwawa, Unguja

Ndugu yangu, muda huo una msingi kamili. Nimejenga mabwawa kwa miaka 19, mengi yakiwa pwani ya mashariki ya Unguja, na nitakueleza yale ambayo ningemwonyesha ndugu yangu wa tumbo moja kama angekuja kusimama kando ya shimo langu.

Anza na mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye zege huzifanya nondo zishike kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Dai mchanga wa mtoni uliooshwa, na uonje kwa ulimi maji ya kuchanganyia, kwa sababu visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na fundi huyatumia kwa kuwa yapo hapo hapo.

Kabla zege halijamwagwa, omba ushuke shimoni. Nondo hazitakiwi kugusa udongo wala mbao. Huinuliwa kwa vipande vidogo vya zege ambavyo sisi huviita biskuti, na mahali kama pako mimi huacha sentimita 5 za zege kati ya nondo na nje, kila upande. Ukiona nondo zimeegeshwa kwenye vipande vya ubao, simamisha kazi, kwani ubao utaoza ndani ya zege na kuyaachia maji njia. Tazama pia ncha za waya wa kufungia nondo. Zinapaswa kukunjwa zielekee ndani ya zege, kwa maana ncha moja tu iliyoachwa kuelekea usoni itatoa doa la kahawia kwenye lipu baada ya miaka michache, na hapo hakuna atakayejua limetoka wapi.

Maji hupenda maungio. Mahali ambapo zege la jana linakutana na zege la leo, na kila mahali ambapo bomba, taa au kikusanya takataka cha ukingoni kinapenya ukuta, ndipo bwawa linapovuja, kwa sababu zege haligandi vizuri kwenye plastiki laini. Bomba lazima likwaruzwe na kuvishwa pete ya kuzuia maji, na liwe limeshafungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga. Fundi akitoboa ukuta uliokwisha kukauka ili apitishe bomba alilolisahau, usikubali aufunike kwa lipu siku hiyo hiyo. Mwambie akueleze kwanza amezuia vipi maji kuzunguka bomba hilo. Baada ya hapo zege lifunikwe kwa magunia yaliyolowa na limwagiliwe kwa siku 7 kwa uchache, na mimi huenda mpaka 14, kwa sababu upepo wa baharini hulikausha upesi sana.

Nikuongezee jambo moja kuhusu usawa wa ukingo. Niliwahi kujenga bwawa la hoteli ambalo maji humwagika juu ya ukingo mmoja ili yaonekane kama yameungana na bahari. Ukingo ule ulikuwa na urefu wa mita 12, nasi tulikuwa tumeupima kwa pimamaji fupi, kipande kwa kipande. Siku tulipowasha pampu, maji yote yalitoka upande wa kushoto na nusu ya kulia ikabaki kavu. Tofauti ilikuwa milimita 6. Maji yanayopita juu ya ukingo wa namna hiyo huwa na unene wa milimita chache tu, kwa hiyo kosa la milimita 6 linatosha kuyanyima nusu ya ukingo. Tuliyabandua mawe yote na kuyapanga upya kwa kutumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Tulihakikisha hauna povu la hewa, na tulipima alfajiri kabla ya jua, kwa sababu sehemu ya mpira ikiota jua maji ya upande huo hupata joto, huwa mepesi, na usomaji hukudanganya. Bwawa lako halina ukingo wa kumwagika, lakini maji yaliyotulia huonyesha upogo wa mstari wa vigae kuliko kipimo chochote, na utauona kila asubuhi unywapo chai.

Mhandisi wa majengo, Mombasa

Maelezo ya fundi yametosha kuhusu zege, nami nitazungumzia zile wiki mbili za kupima maji ya ardhini, kwa kuwa ndizo watu wengi huziona kuwa anasa.

Chukua vipimo vyako. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye wastani wa kina cha mita 1.5, sakafu na kuta zikiwa na unene wa sentimita 20, lina takriban mita za ujazo 14.8 za zege, yaani uzito wa karibu tani 36. Likiwa tupu, bwawa hilo ni sawa na jahazi lililozikwa. Kwa upande wa nje lina mita 8.4 kwa 4.4, kwa hiyo maji ya ardhini yakipanda sentimita 96 tu juu ya kitako chake, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 36 vilevile. Yakizidi hapo, uzito wa zege peke yake hautoshi kulishikilia. Msuguano wa udongo wa pembeni husaidia kidogo, ila hakuna mhandisi makini anayeutegemea. Bwawa likijaa maji halina tatizo hilo. Hatari huja siku ya kulimwaga ili lisafishwe, hasa wakati wa masika.

Kwa mita 150 kutoka baharini, kujaa na kupwa kwa maji kunaweza kufika chini ya ardhi yako kukiwa kumepungua nguvu na kuchelewa kwa saa kadhaa, na hilo hutegemea kama chini kuna mchanga au mwamba wa matumbawe wenye matundu. Ndiyo sababu fundi wako ametaja wiki mbili na si siku mbili: muda huo unachukua bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, na maji mafu, yaani siku ambazo hubadilika kidogo, kwa pamoja. Azamishe bomba lenye matundu hadi chini ya kina cha shimo, apime asubuhi na jioni, na akuonyeshe daftari. Iwapo vipimo vitachukuliwa wakati wa kiangazi, jua kwamba masika yatapandisha maji zaidi ya hapo. Kutokana na namba hizo ndipo itaamuliwa kama sakafu iongezwe unene, kama itolewe nje ya kuta ili udongo uikalie, na kama iwekwe vali ya sakafuni inayoyaruhusu maji ya chini kuingia ndani badala ya kulinyanyua bwawa. Vali hiyo huhitaji tabaka la kokoto chini yake, jambo ambalo haliwezi kuongezwa baadaye.

La mwisho, na hili halihusu gharama bali uhai: dai matundu mawili ya kunyonyea maji sakafuni, yaliyoachana kwa sentimita 90 au zaidi, yenye vifuniko vya mbenuko. Tundu moja likizibwa na mwili wa mtoto, pampu huendelea kuvuta kutoka kwenye lile la pili, badala ya kumng'ang'ania mtoto. Marekani ilitunga sheria juu ya vifuniko hivyo mwaka 2007 baada ya watoto kufa kwa namna hiyo.

Mkaazi wa Kilwa Masoko

Nimesoma kwa hamu, nami si mjenzi, bali huwatembeza wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Nimeona niseme kwamba kazi hii si ngeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Katika jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, lipo bwawa la kuogea la pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba unaotazama bahari.

Kila mara ninaposimama hapo nawaza juu ya zile pembe nane. Bwawa la pembe nne likikosea kidogo, jicho hulisamehe. Pembe nane zinadai kila upande ulingane na wenzake na kila kona iwe nyuzi 135, na kosa dogo la kona ya kwanza hurithiwa na ya pili na ya tatu, mpaka upande wa mwisho unakataa kukutana na wa kwanza. Waliofanya kazi ile walikuwa na kamba, vigingi na timazi. Hawakuwa na saruji wala nondo. Walikuwa na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, ambayo humtaka fundi awe na subira, kwa sababu hukomaa polepole sana na haikubali kuharakishwa. Kwa hiyo kaka, mtu anayekuomba wiki mbili za kupima hajaomba jambo geni katika pwani hii.

Mwenyeji wa Kigamboni

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimewasomea nyumbani hesabu ya zile tani 36 na mjadala wa siku za malipo umekwisha. Fundi wa pili ameanza kuzamisha bomba lake jana. Nina maswali mawili yaliyobaki. Katika ile wiki ya kulijaza bwawa, nitajuaje kama maji yaliyopungua yamevuja au yamekaushwa na jua? Na vidato vya mama viwe na kimo gani?

Fundi wa mabwawa, Unguja

La kwanza ni rahisi. Subiri siku mbili tatu hadi zege linywe shibe yake, kisha jaza ndoo maji ya bwawa, iweke juu ya kidato ili izame karibu yote, na uweke alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake. Pampu izimwe. Baada ya saa 24 linganisha. Jua na upepo huchukua sawasawa ndani na nje, kwa hiyo kama nje kumepungua zaidi, ile ziada ndiyo inayovuja. Kwako milimita 1 ni lita 32, kwa hiyo usiidharau. Rudia siku tatu, na mvua ikinyesha uanze upya.

Kuhusu vidato, usiniulize mimi wala kitabu. Panga tofali na mbao uani, tengeneza ngazi ya vidato vitatu vya kimo kimoja, umwombe mama apande na kushuka akiwa ameshika fimbo, kisha punguza au ongeza mpaka aseme hapa. Ndani ya maji mwili utakuwa mwepesi, lakini vidato vya juu, ambapo anatoka na uzito wake wote na miguu imelowa, ndivyo vitakavyomtesa. Vyote viwe sawa kabisa, kwa sababu mguu hukariri kimo cha kidato cha kwanza na kukitegemea kwa vinavyofuata. Ukingo wa kila kidato upewe kigae cha rangi nyingine kisichoteleza, kwani maji hupotosha macho kuhusu kina.

Mwenyeji wa Kigamboni

Tumefanya hivyo Jumamosi. Fundi alitaka sentimita 16, mama akachagua 13, na bomba la kushikia akaomba liwe mkono wa kulia wakati wa kutoka, kwa kuwa goti la kushoto ndilo baya zaidi. Kutoka ukingoni hadi sakafuni ni sentimita 132, kwa hiyo tumepata vidato kumi vya sentimita 13.2, na ngazi zitapita sambamba na ukuta mfupi, kwani huko kuna nafasi ya kila kidato kuwa na upana wa sentimita 40. Fundi amebadilisha mchoro kwa kalamu mbele yake, na mama ametia saini pembeni.