Naomba ushauri: kukausha kuni za bure kabla ya baridi ya Juni
Ndugu zangu, ninaishi Mafinga, mkoani Iringa, na mwenye kiwanda kimoja cha mbao ameniruhusu kuchukua bure mabanzi (vipande vya pembeni vinavyobaki magogo yanapopasuliwa mbao) ya misindano, yaani mipaini, pamoja na magogo machache ya miti ya miwati, ambayo ningependa yakauke kabla ya baridi ya Juni na Julai, kwa kuwa mama yangu mzee huota moto kila jioni na moshi wa kuni mbichi humkohoza sana. Mwaka jana nilizifunika kuni kwa turubai hadi chini; magome yakaota ukungu mweupe, na zilipowashwa zilitoa povu kwenye ncha. Safari hii nimeshapasua magogo na kuyapanga juu ya matofali. Je, nifunike juu tu na kuacha pande wazi, hata wakati huu wa mvua? Na miwati, ambayo ni mizito kuliko misindano, niipe miezi mingapi?