Magnolia kwa ua mdogo wa Lamu: ya nyota, Little Gem, au champaka?

BintiLangoni
Assalam aleikum wapenda bustani. Nyumba yetu ya Langoni ina kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, hatua sita kwa tano, kuta za matumbawe pande zote. Jua hushuka humo kuanzia saa nne mpaka saa nane hivi. Marehemu mama alikuwa na asumini kwenye kona. Ulikauka mwaka juzi, na tangu hapo nikirudi jioni nyumba hainukii kama kwetu. Nataka mti mmoja, usiopita mita tatu, wenye ua la kuonekana na harufu ya kufika ukumbini.

Moyo wangu uko kwa magnolia. Nimebaki na tatu: Magnolia stellata, ile ya nyota, maana ni ndogo kwa maumbile; Little Gem, maana haipukutiki majani; na champaka, kwa sababu ya harufu. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Mngekuwa nyinyi mngepanda ipi?

MtunzaBustani_Malindi
Waaleikum salaam dada. Ya nyota iondoe. Kwao ni Japani, na vitumba vya maua yake hujifunga mapema, vikalala, visiamke mpaka vipate wiki nyingi za baridi kali. Huku kwetu hata usiku wa Julai joto ni nyuzi 22 hivi. Mti haupati habari kwamba mwaka umegeuka.

Nasema kwa nililoliona. Kuna nyumba hapa Malindi nilikuwa nikitunza bustani, mwenyewe akaleta mche wa magnolia soulangeana, ile yenye maua kama vikombe, iliyozalishwa karibu na Paris miaka ya 1820 na Étienne Soulange-Bodin. Nimeumwagilia miaka minne. Ulitoa majani machache, ukayaangusha, ukatoa mengine, bila mpango. Ua sikuliona hata moja. Siku ya kuung'oa niliumia sana, maana mti haukuwa na kosa lolote.

Na yeyote anayetaka kuagiza mche kutoka nje, atafute kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla mche haujaondoka huko.

MwalimuWaMiche
Naungana na Malindi kuhusu ya nyota. Little Gem ni habari nyingine. Ni aina ya Magnolia grandiflora, mti wa kusini-mashariki mwa Marekani, kule ambako Mississippi na Louisiana wamelifanya ua lake kuwa ua la jimbo. Joto na unyevunyevu umezoea, na upepo wa bahari unauvumilia kuliko ndugu zake wengi. Huanza kuchanua ungali mdogo. Lakini "mdogo" hapo ni kwa kulinganisha na grandiflora wa kawaida: ukiachwa ardhini hufika mita sita au zaidi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni udongo wako, BintiLangoni. Magnolia hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kiwanda cha nyumba ya mawe Lamu kimejaa chokaa: matumbawe chini, lipu inayomeguka ukutani, vumbi la ukarabati wa miaka mia. Chokaa ikizidi, mizizi haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Utaona jani changa linageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Watu wengi hapo hudhani mti una kiu, wanaongeza maji ya kisima, na yale maji yana chokaa na chumvi yake. Wanauzamisha mgonjwa.

Kwa hiyo, magnolia yoyote utakayochagua, usiipande ardhini. Kata pipa la lita 200 katikati, toboa chini, liinue juu ya mawe matatu. Jaza udongo mwekundu wa bara, majani yaliyooza vizuri, na samadi ya punda iliyokaa miezi sita (Lamu hamwezi kukosa hiyo). Mwagilia maji ya mvua. Na ukishaupanda usiuhamishehamishe, mizizi yake ni minene na laini, ikikatika hupona polepole mno.

BintiLangoni
Ahsante mwalimu. Maji ya mvua tunayo, birika la bafuni la zamani bado linashika maji na mvua za Aprili hadi Juni hulijaza. Lakini champaka hamjaigusa.

Champa_wa_Mombasa
Niiguse mimi. Nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa nayo, ua la rangi ya chungwa, analichuma alfajiri anampa mama achomeke kwenye nywele. Zamani wataalamu waliiita Michelia, sasa imehesabiwa ndani ya magnolia, kwa hiyo BintiLangoni hujadanganywa na jina. Asili yake ni Asia ya joto, haidai baridi yoyote. Kwa harufu, hakuna kati ya hizo tatu inayoikaribia.

Sasa ubaya wake. Kwao msituni ni mti wa mbao, hupita mita 30. Ukiupanda kwa mbegu utasubiri miaka minane hadi kumi kabla ya ua la kwanza, na mbegu yenyewe hufa upesi. Lazima uoshe ile nyama nyekundu na uipande ikiwa mbichi. Tafuta mche wa kuunganishwa, yaani uliopachikwa kijiti cha mti uliokwisha kuchanua. Wetu ulichanua mwaka wa tatu. Kwenye pipa, ukikata ncha kila baada ya msimu wa maua, tumeuzuia kwenye kimo cha mtu na nusu.

BiMkubwa_Mkomani
Mwanangu BintiLangoni, yeo nimesomewa maneno yenu yote na mjukuu wangu. Mbona hakuna aliyeutaja mkilua? Mamako nilimjua. Asumini ile haikuwa peke yake, kulikuwa na mkilua nyuma ya mlango wa kiwanda, kivulini, na kilua, ua lake, tulikiweka kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, pamoja na asumini na rehani. Kilua hakina ukubwa wa kutazamwa. Lakini kikianza kunyauka ndipo hunukia, na ukikitia kwenye kasha la nguo, kasha lote lanukia. Mti wenyewe haukui kukushinda.

MwalimuWaMiche
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeona haya kusahau. Na niongeze jambo ambalo litampendeza BintiLangoni: jina la kisayansi la mti huo ni Mkilua fragrans. Wataalamu walichukua neno letu hivyo hivyo lilivyo. Uko kwenye ukoo mmoja na mlangilangi, mstafeli na mtopetope, na ukoo huo ni jirani wa damu na ukoo wa magnolia. Utazame ua lake kwa karibu, zile petali nene kama ngozi. Ni mti wa misitu ya pwani yetu, kivuli hakiutishi.

BintiLangoni
Bi Mkubwa, marehemu hakunitajia ule mkilua, au alinitajia nikiwa mdogo sikushika. Nimelia kidogo hapa.

Nimeamua hivi. Mkilua utarudi nyuma ya mlango, ardhini, palepale. Champaka ya kuunganishwa itakaa kwenye nusu pipa pale jua linapofika. Little Gem naiacha, mita sita zitaninyima anga. Champa_wa_Mombasa, je, mche unaweza kusafiri kwa basi mpaka Mokowe?

Champa_wa_Mombasa
Unaweza. Uvike gunia lenye maji shina lote, usiufunge majani kwa plastiki. Na kwenye mashua kutoka Mokowe uushike mwenyewe upande usiopigwa na mawimbi, maji ya bahari yakirukia majani machanga yanaungua siku hiyohiyo. Njoo kabla ya kusi kuanza.

BiMkubwa_Mkomani
Mkilua usinunue. Upo kwangu, mdogo wake umeota kando. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, uje na ndoo.