AC ya IST inapoza gari ikitembea, kwenye foleni inatoa joto. Gesi nimejaza mpaka nimechoka

Dereva_Mbezi

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada kwa anayejua AC za magari maana hii kitu inanimaliza kimya kimya.

Nina Toyota IST ile ya zamani, naendesha teksi ya mtandaoni hapa Dar. AC iko hivi, asubuhi mapema haina neno, nikipata abiria wa Kibaha barabara ikiwa nyeupe inapiga baridi mpaka mtu anaomba nipunguze, ila nikiingia kwenye foleni tuseme Ubungo au Tazara mida ya saa nane mchana, dakika chache tu hewa inakuwa vuguvugu halafu joto kabisa kama nimewasha bloa tupu. Foleni ikiachia nikapata mwendo inarudi yenyewe kama hakuna kilichotokea.

Nimempelekea fundi, hata boneti haijakaa sawa kashasema gesi imeisha. Akajaza. Nikaona nafuu, baada ya wiki kadhaa mchezo ule ule, nikarudi akajaza tena. Sasa hivi kaja na jipya, eti kompresa imechoka nitafute used, na hiyo hela ni ya marejesho ya gari wakuu sio ya kuchezea. Swali langu, hivi kweli kompresa ikichoka inaweza kupoza Kibaha ikagoma Ubungo? Abiria wananikata nyota, na kufungua vioo joto hili la Februari mnalijua wenyewe.

Taa ya AC inawaka kawaida haichezi. Maji yanadondoka chini upande wa abiria, hiyo nasikia ni kawaida.

mtu_wa_temeke

Gesi hiyo mkuu, hajakujazia kamili. Mwambie ajaze mpaka ile paipu nene iote jasho ndo aache. Mi yangu nilifanya hivyo imetulia.

Kipupwe

Mkuu usinunue kompresa kwanza. Na hilo la kujaza mpaka paipu iote jasho tuachane nalo, kwa unyevu wa Dar hata chupa ya soda inaota jasho, utasema nayo imejaa gesi?

Maelezo yako yenyewe yameshajibu nusu ya swali. AC haitengenezi baridi, inachukua joto la ndani inaenda kulimwaga nje kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta imekaa mbele ya rejeta yenyewe nyuma ya bampa. Ukiwa unatembea upepo wa barabarani unapita pale bure. Ukisimama unabaki na feni peke yake, sasa feni ikiwa dhaifu au kondensa imeziba vumbi, joto halina pa kwenda, presha inapanda, kompresa inapewa amri ya kukata ili isipasuke kitu. Kompresa iliyochoka kweli mara nyingi inakuwa mbovu kote, ukikanyaga mafuta inaweza kuchangamka kidogo lakini abiria hawezi kukuomba upunguze.

Gesi ikipungua nayo inaweza kukupa dalili kama hiyo ya kupoza kwenye mwendo tu, sikatai, ndo maana usimwamini mtu anayesema gesi bila kuweka geji ya presha. Ila anza na feni kwa sababu haikugharimu kitu.

Paki juani, injini sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), AC namba ya mwisho, fungua boneti. Klachi ya kompresa ikishika tu feni inatakiwa izunguke kwa nguvu. Chukua karatasi moja ya A4 isogeze mbele ya kondensa, inatakiwa ivutwe ing'ang'anie pale bila kushikwa. Ikidondoka feni haina nguvu. Ikisukumwa mbali, kuna mtu alibadili feni akageuza waya inazunguka kinyume, usicheke nimeziona nyingi.

Halafu chukua maji kopo zima, mwagia taratibu kwenye kondensa hapo hapo AC ikiwa inawaka, maji ya kawaida sio ya friji, na usiyaelekeze kwenye soketi za umeme. Mwingine akae ndani aweke mkono kwenye tundu la hewa. Ikianza kupoza fasta ukimwagia maji basi kompresa yako haina shida kubwa, shida ni hewa haipiti kwenye kondensa. Ukimaliza njoo utuambie.

Mwana_Likoni

Mimi niko Mombasa, gari yangu Fielder, ilikuwa na maradhi hayo hayo. Kwangu feni ilikuwa nzima, kumbe kondensa imeliwa na chumvi. Sisi tunaokaa kando ya bahari hii kitu yatuumiza sana, yale mapezi membamba ya aluminiamu ukiyagusa na kidole yanamomonyoka yawa unga mweupe, paipu bado zipo lakini mapezi hayapo, sasa joto litatokaje. Halafu mvulana wa kuosha magari alikuwa akiipiga na presha karibu karibu, yaliyobakia yote yamelala. Kwa hivyo tazama na hilo, piga tochi kupitia kwa grili ya mbele. Kama ni matope tu na wadudu, osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, si presha.

Niliiweka mpya, used ya kondensa siitaki kwa sababu ishakaliwa na chumvi ya kwengine.

Dereva_Mbezi

Wakuu nimefanya jana jioni, nikarudia leo mchana juani.

Feni inazunguka, lakini sasa naiangalia kwa makini ndo naona inazunguka kivivu, panga zake karibu nazihesabu kwa macho. Karatasi ilining'inia sekunde moja ikaanguka. Maji ndo yamenishangaza, nimemwagia kopo la kwanza tu dogo aliyekaa ndani akapiga kelele baridi baridi. Nikiacha kumwagia inaanza kupanda tena.

Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye geji, nikamwambia sijazi gesi nataka kusomewa tu. Gari ikiwa sailensa ile geji ya bluu (presha ndogo) ikakaa kwenye 60, nyekundu (presha kubwa) ikawa inapanda imepita 300 bado inasogea, klachi ikakata kwa mlio ule wa tak. Tukamwagia maji nyekundu ikashuka mpaka kwenye 200 na kidogo. Hiyo maana yake nini? Na kama shida ni feni, gesi inayojazwa inaenda wapi?

Kipupwe

Safi sana, sasa tunaongea na ushahidi.

Kwa gesi ya R134a, ndo aina ya gari kama yako, na joto la hapa, gari ikiwa na afya bluu inacheza kwenye 30 mpaka 40 hivi psi, nyekundu 200 mpaka 250. Zako zote mbili ziko juu, hiyo ni joto halitoki kwenye kondensa au gesi imezidi, na wewe nahisi unavyo vyote viwili. Fundi wako wa kwanza aliona haipozi akaongeza, ikawa haipozi akaongeza. Zikiwa zote chini ndo gesi imepungua. Bluu juu nyekundu chini, zimekaribiana, mfano 70 kwa 120, hapo ndo nitakubali kompresa imechoka. Bluu ikishuka mpaka sifuri au chini yake kuna kitu kimeziba, vali ya ekspansheni (inayopitisha gesi kidogo kidogo kwenda kupozea ndani) au draya (chujio la unyevu). Na mtu asikusomee geji gari imezimwa akasema gesi ipo ya kutosha, ikizimwa zote zinalingana, kwa joto letu zitasoma 90 mpaka 100 hata kama kwenye mfumo imebaki robo tu.

Feni: mwambie fundi umeme achomoe soketi yake aipe moto moja kwa moja kutoka betri. Ikichangamka, shida ni waya, rilei au soketi imeungua, badilisha rilei na ya aina ile ile iliyopo kwenye boksi. Ikibaki kivivu, kaboni za mota zimeisha. Wapo wanaobadilisha kaboni tu ila mi ningetafuta feni nzima, kule mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea zipo, ijaribiwe kwa betri pale pale dukani kabla hujatoa hela.

Sasa gesi. AC ni mfumo uliofungwa, gesi haitumiki kama petroli. Inapungua taratibu mno kwa miaka kwenye mipira na sili, lakini ikiisha ndani ya wiki inavuja, hakuna maelezo mengine. Kujaza bila kutafuta inapovujia ni kununua gesi ya kupuliza hewani, na hii gesi tani moja yake inapasha dunia kama tani 1,430 za kaboni daioksaidi, ndo sababu mwaka 2016 nchi zilikaa Kigali zikakubaliana kuzipunguza za jamii hii. Lakini tuseme dunia si yako, hela ni yako.

Inapovuja gesi mafuta ya kompresa yanatoka nayo, vumbi linaganda hapo, kwa hiyo tafuta doa jeusi lenye unyevu wa mafuta. Viungo vya kondensa kule mbele, mbele ya kompresa kwenye sili ya shafti (ikivuja pale utaona michirizi imerushwa duara kwenye boneti na ukuta wa pembeni), na kwa haraka kabisa fungua vile vifuniko viwili vya kujazia gesi, paka povu la sabuni ndani. Pini yake ni kama ya nozo ya tairi, ikilegea inavuja, na kila anayejaza anaiminya. Gari ngapi zinatembea bila vifuniko!

Pasipoonekana kitu, ijazwe naitrojeni ipakwe povu kila kiungo. Naitrojeni, narudia. Kuna gereji zinatumia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa sababu ndo upo karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka. Ukiona anasogeza mtungi huo, chukua gari yako uondoke.

mtu_wa_temeke

Mkuu Kipupwe nimekuelewa, ila mbona yangu ilikaa?

Kipupwe

Ilikuwa pungufu, ikajazwa, ikakaa kwa sababu ilikuwa inavuja kidogo sana. Sio kwamba gesi haipungui, ni kwamba pungufu ijulikane kwanza.

Dereva_Mbezi

Mrejesho. Feni mota ilikuwa imekufa kaboni, tumefunga nyingine, karatasi sasa inang'ang'ania kama imepigwa gundi. Na povu limetoa jibu kwenye tundu la kujazia la paipu nene, kifuniko hakipo na pini inatoa vipovu vidogo vidogo vya kusubiria, ukiangalia haraka huoni. Kiungo kimoja cha kondensa nacho kina mafuta, oringi (mpira wa duara wa kuziba kiungo) imekauka ngumu kama plastiki. Kesho ndo anafunga na kujaza. Nimsimamie nini hapo?

Kipupwe

Msimamie vakyumu na mizani.

Kwanza atoe iliyopo yote. Oringi mpya iwe ya AC, sio ile ya kwenye bomba la maji, ipakwe mafuta ya kompresa kabla ya kuingizwa. Kisha avute vakyumu nusu saa au zaidi, afunge geji, azime pampu, mkae kidogo muiangalie. Sindano ikirudi juu bado kuna tundu, msijaze. Vakyumu sio mbwembwe, inatoa hewa na unyevu, na unyevu ukibaki unaganda barafu kwenye vali na ukichanganyika na gesi na mafuta unatengeneza asidi inayokula mfumo kwa ndani. Anayefungua paipu akajaza hapo hapo bila vakyumu hajakurahisishia.

Kwenye boneti au mbele pale juu ya rejeta kuna stika imeandika aina ya gesi na gramu. Ajaze gramu hizo mtungi ukiwa kwenye mizani. Gari ndogo kama hizi zinabeba gesi kidogo, ukizidisha gramu mia tayari umeharibu. Kama stika imebanduka aende kwa geji pole pole feni ikiwa inafanya kazi, na kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati.

Uliza pia mtungi ni gesi gani. Kuna zile za bei chee ambazo ndani ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, inapoza vizuri kweli, lakini ni ndugu wa gesi ya kupikia, ikivujia kwenye evaporeta, ile inayopoza hewa ndani ya dashibodi, inaingia ulipokaa wewe na abiria.

Dereva_Mbezi

Imepona wakuu. Leo saa tisa Tazara nimesimama mpaka nikazima muziki kwa uchovu, baridi haijapungua, kipimajoto cha fundi kilisoma 9 gari imesimama. Kompresa ni ile ile. Fundi wa kwanza nimempigia kumwambia, kasema "basi itakuwa ilikuwa inabana".

Dada_wa_Aqua

Hongera kaka. Samahani naingilia, mimi ni Aqua hybrid na AC imeanza kupoa kidogo kidogo. Nimpeleke kwa huyo huyo fundi wa Dereva_Mbezi afanye hivyo hivyo?

Kipupwe

Dada subiri kidogo. Feni, karatasi, maji, povu, hivyo vyote unaweza kufanya. Ila kompresa ya Aqua haizungushwi na mkanda, ni ya umeme wa betri kubwa, volti za kuua mtu, waya zake zina rangi ya chungwa na hazishikwi ovyo. Na mafuta yake ni tofauti, yanaitwa ND 11. Yale ya PAG ya gari za kawaida yanapitisha umeme, yakiingia kidogo tu yanaharibu insulesheni ya kompresa na gari inaweza kuwasha taa ya hitilafu ikagoma kuwaka. Hata mipira ya geji iliyobaki na mafuta ya gari nyingine inatosha kukuletea balaa. Muulize fundi swali moja tu, hybrid unaweka mafuta gani? Akijibu mafuta ni mafuta, msalimie uende kwingine. Na kabla ya yote angalia filta ya ndani nyuma ya droo ya dashibodi, kama upepo wenyewe umepungua na sio baridi tu, itakuwa imejaa vumbi, hiyo unabadilisha mwenyewe bila fundi.

Dada_wa_Aqua

Nimeenda kuitoa sasa hivi. Ina majani makavu na bawa la mende. Nanunua mpya kesho nione kwanza.