Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kusikiliza nyota

Wandugu, mdogo wangu anamaliza fizikia hapa Lubumbashi na anataka kazi kama ya Jill Tarter wa Marekani: kutafuta viumbe wenye akili nje ya Dunia kwa darubini za redio. Daftari lake limejaa megahezi 1420, masafa ya mawimbi ya redio yanayotolewa na haidrojeni, ambayo mwanaastronomia Frank Drake aliyasikiliza mwaka 1960 kwenye nyota mbili. Mpaka leo hakuna ishara iliyothibitishwa. Baba anaogopa: kijana azeeke bila jibu? Mimi namuunga mkono, maana darubini hizohizo huchunguza pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi) na galaksi, kwa hiyo kazi haitakosekana kabisa.

MeerKAT, darubini ya redio yenye antena 64, iko Afrika Kusini. Je, aombe masomo huko, au aanzie Zambia, mshirika wa SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio? Amesoma kwa Kifaransa, Kiingereza bado kinamsumbua. Aliyepita njia hii anisaidie, tafadhali.